ULIKUWA WAPI, GEHAZI?



Leo sikuja kukubembeleza. Kama una haraka ya kuandika "Amina" na kupita, subiri kwanza usome mpaka mwisho. Huenda usiiandike.

Wiki hii nimepokea maombi ya kila aina. Kijana wa Mtopanga anataka nimuombee apate kazi bandarini, na ameshaambiwa atoe pesa ngapi na ampe nani. Dada wa Magongo anataka nipake mafuta karatasi zake za zabuni. Vijana watatu wa Likoni wamenitumia mkeka wa kamari kwenye WhatsApp, wanataka nitamke neno juu yake. Na wote wamemalizia kwa maneno yale yale: "Pasta, nikifanikiwa nitampa Mungu utukufu."

Hapo ndipo nina ugomvi na ninyi. Nani aliyekwambia Mungu anapokea utukufu wa kila kitu?

Mimi si mhubiri wa umaskini. Nimekula ugali kwa chumvi, najua ladha yake, na simtakii mtu. Mungu akikuinua nitakuwa wa kwanza kuruka. Lakini kuna tabia imeingia kwetu sisi watu wa wokovu: tunapata kitu kwa njia ya giza, halafu tunakileta madhabahuni mchana, tunamwambia Mungu, "Hiki ni chako, umekifanya wewe." Ndugu yangu, huko si kumtukuza Mungu. Huko ni kumsingizia.

GEHAZI ALIKUWA MKIMBIAJI

Soma 2 Wafalme sura ya 5. Sote twampenda Naamani na kujichovya kwake mara saba Yordani. Wengi tunaishia hapo. Endelea kusoma.

Naamani amepona. Anataka kumpa Elisha zawadi, Elisha anakataa katakata. Gari linaondoka. Gehazi, mtumishi wa Elisha, anaona fedha zinarudi Shamu hivi hivi. Anafanya nini? Anakimbia.

Na alikimbia vizuri! Yeye kwa miguu, Naamani kwa gari la farasi, na bado akamfikia. Pumzi alikuwa nayo. Bidii alikuwa nayo. Shabaha alikuwa nayo. Ungemuona barabarani ungesema, "Huyu kijana ana juhudi, atafika mbali." Tena alipofika alitumia jina la huduma. Alisema ametumwa na bwana wake, kuna vijana wawili wa manabii wamekuja, wanahitaji msaada. Akaomba talanta moja ya fedha, akapewa mbili, na mavazi juu yake. Wakabebeshwa watu wawili. Akaficha nyumbani, akaingia, akasimama mbele ya Elisha kama mtu ambaye hakutoka hata mlangoni.

Sasa angalia swali la Elisha. Hakumuuliza amepata kiasi gani. Hakumuuliza sadaka ya shukrani iko wapi. Alimuuliza alikokuwa.

Sisi swali hilo tumelizika. Mtu akija kanisani na gari jipya, tunapiga vigelegele kabla hajafunga mlango. Tunamuuliza ametoa fungu la kumi? Ndiyo. Basi mpe kipaza sauti! Hakuna anayemuuliza, "Mpendwa, ulikuwa wapi?"

NILICHOKIONA MOMBASA 2007

Tarehe 24 Machi 2007, siku ya Jumamosi, dunia nzima ya riadha ilikuja hapa kwetu. Mbio za Nyika za Dunia zilifanyika kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, kando ya bahari. Nilikuwa kijana, sijaoa. Nilitoka Kisauni asubuhi, nikavuka daraja la Nyali kwa miguu na wenzangu, maana nauli tuliiweka kwa ajili ya maji. Wenye umri wangu mnalikumbuka lile joto. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, aliachia njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu.

Lakini mimi ninayemkumbuka zaidi ni mvulana wa mbio za vijana, kilomita 8. Mrefu, mwembamba, umri wake miaka 17. Aliitwa Asbel Kiprop. Alishinda, na sisi tulipaza sauti mpaka koo zikakauka.

Mwaka uliofuata alikwenda Olimpiki ya Beijing. Fainali ya mita 1500 alimaliza wa pili, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Baadaye sampuli ya Ramzi ilipimwa upya, ikakutwa na dawa ya jamii ya EPO. Mwaka 2009 alivuliwa medali, na dhahabu ikawa ya Kiprop. Lakini hebu fikiria: watu walishatoka uwanjani. Wimbo wa taifa uliopigwa usiku ule haukuwa wetu. Kijana wa miaka 19 aliibiwa kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kukirudisha.

Akaendelea. Akawa bingwa wa dunia 2011, 2013 na 2015. Kisha Novemba 2017 sampuli yake yeye ikakutwa na EPO. Alikana, na akaendelea kukana. Jopo la nidhamu halikukubaliana naye, na mwaka 2019 akafungiwa miaka minne.

Simtaji ili nimtukane. Mwenye kuhukumu moyo ni Mungu. Namtaja kwa sababu ya jambo moja linaloninyima usingizi: dawa ni ile ile. Kwa hukumu ya jopo lile, mtu aliyeporwa kwa EPO alikuja kukimbia na EPO. Basi usiniambie, "Pasta, hata mimi nimeibiwa sana katika nchi hii." Najua umeibiwa. Kuibiwa hakukupi moyo safi. Mara nyingi kunakupa udhuru tu.

Na hiyo EPO ni nini? Mwili wenyewe huitengeneza, kwenye figo, ili damu ibebe hewa ya kutosha. Wanasayansi waliitengeneza kama dawa ili kuwasaidia wagonjwa wa figo ambao damu yao imepungua. Dawa ya mgonjwa! Mtu mzima mwenye mapafu ya Bonde la Ufa anajidunga dawa ya mgonjwa wa figo ili ampite mwenzake kwa sekunde kadhaa.

Kiprop si peke yake. Jemima Sumgong alishinda marathon ya Olimpiki kule Rio mwaka 2016, mwanamke wa kwanza Mkenya kufanya hivyo, na sisi tulilia kwa furaha. Mwaka uliofuata EPO ikapatikana kwake, akafungiwa miaka minne, kisha ikaongezwa ikawa minane baada ya kubainika kwamba stakabadhi za matibabu alizojitetea nazo hazikuwa za kweli. Wakenya waliofungiwa kwa mambo ya dawa wamepita 100. Nchi yenye makanisa mengi hivi! Nchi ambayo mkimbiaji akivuka mstari anafanya ishara ya msalaba, anapiga magoti, anabusu ardhi!

Kupiga magoti pale si kosa. Lakini Mungu haanzi kuangalia kwenye mstari wa mwisho. Alikuwapo pia kwenye chumba chenye sindano.

KUNA MTU WA PILI

Boston, Aprili 2014. Rita Jeptoo anashinda marathon, zawadi dola 150,000. Wa pili ni Buzunesh Deba, Muethiopia anayeishi Marekani, dola 75,000. Mwaka huo huo Jeptoo akakutwa na EPO, na baadaye akavuliwa ushindi ule wa Boston. Deba akatangazwa bingwa. Lakini fedha za bingwa hakuzipata wakati ule. Miaka ikapita, miguu ya mwanariadha haimngoji mtu. Ilipofika 2024, mfanyabiashara mmoja wa Marekani alisoma habari zake gazetini, akampa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Miaka kumi! Na aliyelipa hakuwa mwizi, alikuwa msamaria tu aliyepita njia ile.

Wapendwa, hili ndilo neno langu la leo. Nyuma ya kila ushindi wa wizi kuna mtu wa pili. Tunapozungumza juu ya nia njema tunafikiri ni jambo la ndani, kati yangu na Mungu wangu. Hapana. Nia yako ina mwili. Ina jina, ina watoto, inadaiwa kodi ya nyumba. Ni yule uliyemchukulia nafasi.

Ulinunua kazi bandarini? Kuna kijana wa Chaani aliyefaulu mahojiano kukuzidi, na leo anasukuma mkokoteni. Umeshuhudia kwamba Mungu alikufungulia mlango. Yeye atashuhudia nani aliufunga?

Wewe fundi uliyepunguza saruji na kuongeza mchanga, mtu wa pili ni mpangaji atakayelala chini ya dari hiyo. Wewe muuza nafaka unayejua jiwe lako la mizani si kilo, mtu wa pili ni mama aliyekuja na shilingi zake mia, akarudi na unga usiotosha. Mithali 11 inasema mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana. Haisemi ni ujanja wa biashara.

Na wewe dereva wa lori uliyempa taniboi wako miraa akeshe siku mbili ili mzigo ufike kabla ya wengine, mtu wa pili yuko upande wa pili wa barabara, anavuka na watoto wake.

Paulo alimwambia Timotheo, katika barua ya pili, sura ya 2 mstari wa 5, kwamba mshindanaji hapewi taji asiposhindana kwa halali. Hakusema asipofunga na kuomba. Hakusema asipokuwa na imani. Alisema kwa halali. Maombi hayahalalishi wizi, mpendwa. Yanaupaka manukato tu.

"PASTA, WEWE HUJUI NJAA"

Najua utasema hivyo. Utaniambia kila mtu anatoa kitu kidogo. Ukikataa, kibarua anapewa mwingine, na mtoto wako analala na uji. Na mkono mtupu haulambwi.

Nakusikia, na sitakujibu kirahisi. Simhukumu mama aliyezungushwa ofisi miezi mitatu, akakamuliwa pesa ili apewe kitambulisho ambacho ni haki yake. Huyo ameporwa, na dhambi iko kwa aliyemkamua. Lakini yeye kutoa ili apate kilicho chake, na wewe kutoa ili upate kilicho cha mwenzako, si jambo moja. Usijifiche nyuma ya machozi ya mama yule.

Na kumbuka Paulo aliwaandikia kina nani maneno ya Wakolosai 3:22-24. Aliwaandikia watumwa. Watu wasio na mshahara, wasio na chama cha wafanyakazi, wasio na pa kushtaki. Aliwaambia wafanye kazi kwa moyo, si kwa kumfurahisha anayewatazama, bali kama wanamfanyia Bwana mwenyewe. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kulipua kazi na kudokoa, ni hao. Lakini Paulo anajua jambo ambalo bwana wa mtumwa hajui: kuna sehemu ya mtu ambayo hainunuliwi. Ukiifanya kazi yako vizuri pasipo jicho la mtu, umemwambia mwajiri wako na dunia nzima kwamba hawakumiliki.

Mwenye kukimbia kwa ajili ya Bwana akishindwa kihalali hajapoteza kitu cha kumfanya adanganye. Anaumia, ndiyo. Analia, ndiyo. Lakini atakwenda nyumbani na jina lake. Anayekimbia ili awe mtu mbele ya watu hawezi kushindwa, maana akishindwa hana alichobaki nacho. Huyo ndiye anayetafuta sindano.

KOMBE LILILOKUWA OFISINI KWANGU

Sasa mniruhusu nivue koti. Nisije nikawapiga ninyi nikajiacha.

Miaka michache iliyopita timu ya vijana wa kanisa letu iliingia mashindano ya mitaa ya Desemba, walio chini ya miaka 17. Tulifika fainali. Tulicheza na vijana wa Likoni, tukashinda bao moja kwa bila. Aliyefunga alikuwa kijana wetu mrefu, mwenye nguvu, anapiga mpira kama mzinga. Nilimbeba begani. Jumapili tuliingiza kombe kanisani kwa shangwe, nikahubiri juu ya Daudi na Goliathi.

Mimi nilijua. Kijana yule alikuwa na miaka 21. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa cha mdogo wake. Mlezi wa timu aliniambia wiki moja kabla, kwa sauti ya chini, nami nikamjibu, "Wengine wote wanafanya hivyo. Tuombe tu." Na tukaomba! Niliweka mikono juu ya udanganyifu nikaufunika kwa damu ya Yesu.

Kombe lilikaa ofisini kwangu juu ya kabati. Siku moja nafundisha darasa la ubatizo, tunasoma habari za Gehazi, msichana mmoja wa miaka kumi na mbili akaniuliza, "Pasta, sasa zile nguo alizipewa alizivaa lini, kama Elisha angeziona?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nilitazama juu ya kabati.

Ilinichukua miezi miwili zaidi, maana kiburi hakifi siku moja. Hatimaye nikalitia kombe kwenye mfuko wa nailoni, nikapanda matatu hadi mjini, nikavuka feri. Sijawahi kuona feri ikienda polepole vile. Nilimkuta kocha wao kwenye kibanda chake, Muislamu, mtu wa makamo, anatengeneza baiskeli. Nikamwambia yote, nikaweka kombe juu ya meza yenye mafuta ya grisi.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Pasta, twalijua. Wale watoto walisema siku ile ile, yule si mtoto. Mimi ndiye niliyewanyamazisha. Niliwaambia hawa ni watu wa kanisa, hawawezi kusema urongo."

Wapendwa, nimesoma chuo cha Biblia. Nimehubiri mikutano ya injili Kisauni, Changamwe na Likoni. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunipiga kama sentensi ile. Yeye alitutetea mbele ya watoto wake. Mimi nilikuwa nimemfanya mwongo.

Tulikunywa chai, akanisamehe. Lakini aliniambia mlinda lango wake, aliyefungwa bao lile, aliacha mpira baada ya fainali. Alijiona hafai. Mtu wa pili, mnaona? Kombe nililirudisha. Msimu wa yule kijana sikuweza kuurudisha.

WACHUNGAJI WENZANGU

Nawaambia ninyi kwa upendo na kwa ukali. Tumewafundisha watu kutamka, tumewasahaulisha kutubu. Tumewafundisha kupanda mbegu, hatukuwauliza mbegu wameitoa shamba la nani. Mwanariadha akifungiwa tunatikisa kichwa na kusema vijana wa siku hizi hawana hofu ya Mungu. Ni nani aliyewafundisha kwamba matokeo ndiyo ushahidi wa upako? Sisi!

Yesu alipoingia nyumbani kwa Zakayo hakumuomba sadaka. Na Zakayo mwenyewe, wokovu ulipomgusa, hakukimbilia kutoa ushuhuda. Alikimbilia hesabu: niliyemdhulumu ni nani, na ninamdai au ananidai kiasi gani? Alirudisha mara nne. Huo ndio ushuhuda.

Kwa hiyo kanisani kwetu, kuanzia Jumapili hii, mambo yatabadilika. Moja: kabla ya ushuhuda wa kazi, zabuni au kombe, nitakuuliza swali la Elisha, pembeni, kwa heshima. Ukishindwa kulijibu, tutaomba toba kwanza na kipaza sauti kitasubiri. Mbili: tutakuwa na nafasi ya ushuhuda wa waliopoteza. Kama ulikataa kutoa rushwa ukakosa kazi, njoo mbele, tutakupigia vigelegele wewe. Tatu: vigelegele havinunui unga. Sehemu ya sadaka ya kila mwezi itatengwa kwa ajili ya anayelala njaa kwa sababu ya uaminifu wake. Siwezi kukuhubiria kubeba msalaba kisha nikuache uubebe peke yako.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na kombe lako juu ya kabati, hujachelewa. Mfuko wa nailoni upo. Feri ipo.

Tuombe.

Bwana, unayepima nia kabla ya kazi, utuulize ulichomuuliza Gehazi, na utupe ujasiri wa kujibu kweli. Wakumbuke wale tuliowapita kwa hila. Utufundishe kukimbia kwa halali, na tukishindwa, tushindwe na mikono misafi. Katika jina la Yesu Kristo.

Sasa kama bado unaweza, andika Amina.